Walioanguka Vizuri Kuliko Wote

Juni 2022, kijana mmoja alimpita Mmarekani Charli D'Amelio na kuwa mtu mwenye wafuasi wengi kuliko wote duniani kwenye TikTok. Kijana huyo, Khaby Lame, alizaliwa Senegal mwaka 2000 na kukulia Italia, akapoteza kazi ya kiwandani Machi 2020 wakati wa korona, akaanza kujirekodi kwa simu. Hasemi neno. Anamwangalia mtu aliyelifanya gumu jambo jepesi, analifanya yeye kwa njia ya kawaida, ananyoosha mikono miwili mbele, uso mkavu. Basi, imekwisha, na mamilioni wameshacheka.

Uso ule una babu yake. Buster Keaton, aliyezaliwa Kansas Oktoba 1895, alichekesha dunia nzima bila kutabasamu mbele ya kamera, na Wamarekani wakampa jina la Uso wa Jiwe. Leo vipande vyake vya sekunde 30 vinapita kwenye simu za vijana wa Mwanza, Mombasa na Bukavu katikati ya video za mpira na za mapishi. Wengi hawamjui jina. Wanajua tu kwamba kuna kaka mmoja wa kofia bapa, picha nyeusi na nyeupe, anayeanguka kwa namna ambayo hawajaiona kwa mwingine.

Rekodi za sinema tunazotangaziwa siku hizi karibu zote ni za fedha: imeingiza kiasi gani wiki ya kwanza, imemwangusha nani sokoni. Rekodi za vichekesho vikongwe ni za mifupa, muda na ukaidi, na nadhani hicho ndicho kijana wa leo anachokinusa. Amekua akijua kompyuta inaweza kumtengenezea chochote. Akimwona mtu anaanguka kweli, anarudisha nyuma aone tena.

Cha kwanza kabisa

Kichekesho cha kwanza cha sinema hakifiki dakika moja. Ndugu wawili wa ukoo wa Lumière walikionyesha Paris, ndani ya Grand Café, Desemba 28, 1895, kwenye onyesho ambalo wengi wanalihesabu kuwa ndiko kuzaliwa kwa sinema ya kulipia. Mtunza bustani anamwagilia. Mvulana ananyemelea nyuma, anakanyaga mpira wa maji. Maji yanakata, mzee anauchungulia mdomo wa mpira, mvulana anaondoa mguu. Kitakachofuata unakijua, na waliokuwa ukumbini siku ile walikijua pia kabla hakijatokea, ndiyo maana wakacheka. Filamu inaitwa *L'Arroseur arrosé*. Mwaka uliofuata ilichorewa bango, na bango hilo ndilo linalotajwa kuwa la kwanza duniani kuonyesha tukio la filamu fulani badala ya kuitangaza mashine ya sinema yenyewe. Mzaha wenyewe haujawahi kustaafu. Usiku huu kuna mtoto mahali fulani anamfanyia kaka yake, mwenzake anarekodi.

Hatari kuliko zote

Hapa sina ubishi na mtu. *Steamboat Bill, Jr.*, mwaka 1928. Kimbunga kinapiga mji mdogo, Keaton amesimama barabarani kama mtu aliyezubaa, nyuma yake nyumba ya ghorofa. Ukuta wote wa mbele unang'oka na kumwangukia mzima mzima. Hasogei. Dirisha la juu, lililoachwa wazi, linampitia mwilini kama shati linavyovalishwa mtoto, ukuta unatua chini kwa kishindo, na vumbi likiinuka yeye bado amesimama palepale. Anageuka, anaona kilichotokea, ndipo anakimbia.

Ukuta ulikuwa wa kweli, uzito wake kama tani mbili, na nafasi aliyobakiziwa kila upande ilikuwa ya inchi chache. Waliupima, wakatia alama ardhini mahali pa visigino, upepo ukawashwa kwa mashine zenye injini za ndege, na baadhi ya waliokuwa wakipiga picha hiyo kule Sacramento, California, waligeuza nyuso wasione. Kitu cha namna ile huwezi kukirudia mara ya pili ukitazame vizuri. Angejikwaa nusu hatua, tusingekuwa na mjadala huu.

Miaka minne kabla ya hapo, katika *Sherlock Jr.*, alining'inia kwenye bomba la tangi la maji la reli. Maji yakamshukia kwa nguvu kuliko alivyotarajia, yakamtupa chini, kisogo kikapiga reli. Kichwa kikamuuma kwa muda, akaendelea na kazi. Miaka mingi baadaye daktari, akiangalia picha ya eksirei, alimuuliza ni lini alivunjika shingo.

Tazama kipande hicho ukiwa unajua, halafu uniambie kama unaweza kucheka vilevile. Mimi nacheka, lakini najishtukia.

Saa mbili ukutani

Waliokulia kwenye vibanda umiza miaka ya 1990 wanamjua Jackie Chan kuliko wanavyowajua baadhi ya wajomba zao. Katika *Project A* ya mwaka 1983, stelingi ananing'inia kwenye mshale wa saa ya mnara, mkono unachoka, anaachia, anapasua turubai mbili na kugonga ardhi. Vijana wa Manzese, Dar es Salaam, waliona kipande hicho bila kujua kwamba ni salamu kwa mtu mwingine. Mwaka 1923 Harold Lloyd, mwenye miwani ya duara na suti ya karani, alining'inia kwenye saa ya jengo refu la Los Angeles katika *Safety Last!*, magari yakipita chini kama sisimizi, na picha hiyo moja imebaki kuwa miongoni mwa zinazotambulika zaidi katika historia ya filamu bubu.

Kulikuwa na ujanja. Ukuta wa saa ulijengwa juu ya paa la jengo jingine, kamera ikatazamishwa barabarani, magodoro yakatandikwa chini kidogo. Ila kuna jambo ambalo watazamaji wengi wa wakati ule hawakuambiwa. Mwaka 1919 Lloyd alishika bomu akidhani ni la mchezo, likalipuka, likamwondolea kidole gumba na cha shahada cha mkono wa kulia. Alivaa glavu yenye vidole bandia. Saa ile aliishika kwa vidole vinane.

Chan hakuwahi kuficha deni lake kwa wazee hawa. *Project A Part II*, mwaka 1987, ina ukuta unaomwangukia na yeye anapona kwa kusimama pale penye uwazi. Kwa hiyo Keaton alishafika Manzese zamani. Alifika kwa pasipoti ya Hong Kong.

Mara 342

Charlie Chaplin hakuhatarisha shingo sana. Alihatarisha akili za watu waliofanya naye kazi.

Katika *City Lights* alikuwa na tatizo dogo la hadithi: msichana kipofu anayeuza maua anamfanyaje mtu fukara, mwenye suruali inayomwaga, adhani ni tajiri? Chaplin alilizunguka swali hilo kwa muda mrefu mno. Alipiga, akafuta, akapiga tena. Aliwahi kumfukuza kazi mwigizaji wake, Virginia Cherrill, kisha akamrudisha. Kitabu cha rekodi cha Guinness kimeandika kwamba tukio hilo la maua lilirudiwa mara 342.

Na jibu lilipopatikana lilikuwa jepesi hata linaudhi: mlango wa gari. Fukara anakatiza foleni kwa kupita ndani ya gari la kifahari lililoegeshwa, anatokea upande wa pili, anafunga mlango. Msichana anausikia, anadhani aliyeshuka ni mwenye gari. Angalia alichokifanya mzee huyu: kaitatua hadithi yake kwa mlio, ndani ya filamu isiyo na mazungumzo, na sisi tunausikia mlio huo kwa macho. Filamu ilitoka Januari 1931, wakati Hollywood nzima ilikwishahamia kwenye filamu za kusema, watu wakimwambia Chaplin amepitwa na wakati. Albert Einstein alikuwa miongoni mwa wageni wake usiku wa uzinduzi.

Nimewahi kuwaonyesha vijana tukio la mwisho la filamu hii, lile la msichana kuushika mkono wa fukara akiwa sasa anaona. Ukiwa na watu wa umri wa miaka 17 au 18 chumbani, utegemee kimya kwanza, halafu mmoja atauliza kama kuna sehemu ya pili. Hakuna. Chaplin aliishia pale kusudi.

Anayeshikwa zaidi na vijana wa leo, hata hivyo, ni Chaplin wa *The Great Dictator* (1940), filamu yake ya kwanza ya kusema tangu mwanzo mpaka mwisho, na iliyomwingizia fedha kuliko zake zote. Yeye na Hitler walizaliwa wiki moja, Aprili 16 na Aprili 20, 1889, na walikuwa na sharubu za mtindo mmoja. Alianza kuipiga Septemba 1939, vita vikiwa ndiyo kwanza vinawaka Ulaya. Hotuba ya mwisho ya kinyozi anayedhaniwa kuwa dikteta husambaa mtandaoni kila penye vita au uchaguzi mchafu, ikiwekewa muziki mpya, picha za miji iliyobomolewa, maandishi ya lugha yoyote. Kwangu mimi ni ndefu kidogo, na inapoanza kichekesho kinakuwa kimeshafungwa mlango. Vijana hawakubaliani nami, na pengine wao ndio wenye vita vya kutazama.

Makofi marefu, tuzo iliyochelewa

Chaplin aliondoka Marekani mwaka 1952 akituhumiwa kwa siasa zake, akanyimwa njia ya kurudi kwa urahisi, akahamia Uswisi. Alirudi Aprili 1972 kupokea Oscar ya heshima, mzee wa karibu miaka 83. Ukumbi ulisimama na kupiga makofi dakika 12, muda mrefu kuliko mwingine wowote katika historia ya tuzo hizo.

Mwaka uliofuata akapata Oscar ya ushindani, ya pekee maishani mwake, kwa muziki wa *Limelight*. Filamu hiyo ni ya mwaka 1952. Ilikuwa haijawahi kuonyeshwa kwenye majumba ya sinema ya Los Angeles kama kanuni zilivyotaka mpaka 1972, kwa hiyo ikashindanishwa na filamu mpya za wakati huo, ikashinda.

Pai

Laurel na Hardy, *The Battle of the Century*, 1927: pai zipatazo 3,000 za kurushiana usoni. *The Great Race*, 1965: 4,000, siku tano za kurushiana. Ya pili ina rangi na ndiyo yenye idadi kubwa zaidi, lakini ya kwanza ndiyo inayochekesha, kwa sababu kila pai inarushwa na mtu mwenye sababu yake.

Mtu mmoja, watu wengi

Waulize vijana waliotazama *Coming to America* (1988) ni nani yule mzee wa Kizungu anayebishana kuhusu ngumi pale kwa kinyozi. Wengi hawajui kwamba ni Eddie Murphy. Katika filamu hiyo yeye ni watu wanne, kwa ufundi wa vipodozi wa Rick Baker. Miaka minane baadaye, katika *The Nutty Professor*, akawa watu saba, wengi wao wakila meza moja. Kabla yake Mwingereza Alec Guinness alikuwa ukoo mzima, watu wanane wanaokufa mmoja mmoja, katika *Kind Hearts and Coronets* ya 1949. Na kabla ya wote hao, nani? Keaton tena. Katika *The Playhouse* ya 1921 yeye ni kiongozi wa bendi, bendi yenyewe, wacheza jukwaani, mabibi na mabwana waliokaa kwenye viti, na mtoto mtukutu. Filamu ileile ilipitishwa kwenye kamera mara kadhaa, kila mara sehemu moja tu ya lenzi ikiachwa wazi, mpigapicha akizungusha mkono wa kamera kwa kasi ileile kila awamu. Kosa moja lingeharibu awamu zote zilizotangulia.

Misri wao walikuwa na rekodi ya namna nyingine. Ismail Yassine alipendwa hata jina lake likawa ndilo jina la filamu: *Ismail Yassine Jeshini* mwaka 1955, kisha polisi, kisha jeshi la majini, kisha angani.

Fedha, kwa kuwa mtauliza

Mwaka 1926 Keaton alilipeleka treni la kweli juu ya daraja linaloungua kule Oregon, likaporomoka mtoni. Tukio hilo, katika *The General*, linatajwa kuwa ndilo ghali kuliko yote katika enzi ya filamu bubu: dola 42,000. Mabaki yalikaa mtoni mpaka Vita Kuu ya Pili, yakaokotwa kuwa chuma chakavu. Filamu haikulipa, na Keaton hakuwahi tena kupata uhuru kama ule wa kutumia fedha za watu. Mwaka 1989, Marekani ilipochagua filamu 25 za kwanza za kuhifadhiwa kitaifa, *The General* ilikuwamo.

Iliyolipa ni *Home Alone* (1990), iliyotengenezwa kwa kama dola milioni 18 na kuingiza zaidi ya milioni 470. Miaka 20 na ushei haikupitwa na kichekesho kingine cha waigizaji wa kweli, hadi *The Hangover Part II* mwaka 2011. Ukiondoa mti wa Krismasi na ndege kwenda Paris, kilichobaki ni Keaton na Lumière: watu wazima wawili na mtoto mwenye mitego.

Na tiketi ghali kuliko zote aliinunua George Harrison wa Beatles. Kampuni iliyoahidi kulipia *Life of Brian* ya kundi la Monty Python ilipojitoa, Harrison alirehani nyumba yake kwa sababu alitaka kuitazama. Norway waliipiga marufuku. Sweden wakaitangaza kama filamu inayochekesha hadi imepigwa marufuku Norway.

Mashabiki wasiotarajiwa

Albania ya mtawala wa kikomunisti Enver Hoxha ilifunga milango kwa karibu kila kitu cha Magharibi, isipokuwa Norman Wisdom, Mwingereza mfupi anayeanguka mbele ya mabosi wake. Watawala waliona ni mfanyakazi anayepambana na mabepari. Timu ya taifa ya England ilipokwenda Tirana mwaka 2001, mzee Wisdom aliyekuwapo alizongwa na watu kuliko David Beckham.

Safari ya kofia ya Chaplin kuja pwani yetu nayo si ya kubeza. Raj Kapoor aliivalisha India umbo lile la fukara mcheshi katika *Awaara* (1951) na *Shree 420* (1955), na filamu hizo zikajaza majumba ya sinema ya Unguja na Dar es Salaam, zikarudishwa tena na tena. Kuna mabibi wa Zanzibar wanaoweza kukuimbia nyimbo zake bila kujua Kihindi.

Iliyozeeka vibaya

*The Gods Must Be Crazy* (1980) tumeicheka sote. Chupa ya Coca-Cola inaanguka kutoka angani, mwigizaji N!xau anaondoka kwenda kuitupa mwisho wa dunia, gari linakataa kusimama. Mwongozaji Jamie Uys alijua filamu bubu vizuri. Hata ile kasi ya watu kukimbia haraka haraka kaitoa huko. Lakini vijana wanaoitazama sasa wanauliza maswali ambayo sisi kwenye video hatukuuliza. Ilitengenezwa na Waafrika Kusini wakati wa ubaguzi wa rangi na kupewa sura ya filamu ya Botswana ili ipite vikwazo. Wasani wake (watu wa jamii ya San) hawajui chuma, fedha wala ugomvi. Mwaka huohuo John Marshall alitoa filamu ya kumbukumbu, *N!ai*, ambamo Wasani halisi wa Namibia wanaonekana wakiishi kambini kwa posho, wanaume wakiandikishwa katika jeshi la Afrika Kusini, na kuna vipande vinavyoonyesha filamu ya Uys ikipigwa. Zitazame zote mbili jioni moja. Gari bado litakuchekesha. Sauti ya msimulizi itakukera.

Na kwetu

Mwigizaji aliyepanda cheo kuliko wote hana mshindani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Rashidi Kawawa aliigiza katika filamu za Kiswahili zilizotengenezwa Tanganyika, ikiwemo *Muhogo Mchungu*. Januari 1962 akawa Waziri Mkuu.

Kwa Kenya ningemtaja Mzee Ojwang, jina halisi Benson Wanjau, Mkikuyu aliyeigiza kwa lafudhi ya Kijaluo katika *Vitimbi* hadi wengi wakaamini ni Mjaluo. Ni televisheni, si filamu, najua. Alifariki Julai 2015.

Kwa Tanzania ni Amri Athumani wa Tanga, King Majuto, aliyefariki Muhimbili Agosti 8, 2018. Vijana waliokuwa darasa la pili alipofariki sasa wanamgundua kwenye simu: sauti ya kukwaruza, macho yanayotoka, mzee mkali ambaye tamaa inamuumbua dakika tano baada ya kutoa maonyo. Kichekesho chote kimo usoni. Zima sauti, utaelewa kila kitu, na kipimo hicho ndicho kilichomvusha Keaton miaka 100.

Tatizo ni kwamba anapatikana vipandevipande, picha imefifia, jina la filamu halipo. Maktaba ya Bunge la Marekani ilitoa ripoti mwaka 2013 kwamba takriban asilimia 70 ya filamu ndefu bubu za nchi hiyo zimepotea kabisa, na hao ni watu wenye maghala na fedha. Sehemu ya pili ya ile filamu ya pai ya Laurel na Hardy ilihesabiwa kuwa imepotea miongo kadhaa, hadi ilipoonekana mwaka 2015 kwenye mkusanyiko wa mtu binafsi. Ilikuwa ndani ya kopo.

Kwa hiyo, msomaji, kama kwenu kuna sanduku la kanda za VHS au sidii za Majuto, za Mzee Small, za kundi lolote la maigizo la mtaani ambalo hata redio haikulitaja, usimpe muuza chuma chakavu. Mtafute fundi azihamishie kwenye diski mapema, joto na ukungu havisubiri. Andika majina ya waigizaji na mwaka kama unaukumbuka, na uweke nakala sehemu mbili.